Simu za matangazo hazinipi nafasi hata ya kugeuza mahamri

Ami, asalaam aleikum na msalkheri. Mimi niko Kisauni, kazi yangu ni mapishi ya oda, yaani mtu akiwa na arusi ama khitma ama ameingiliwa na wageni wa ghafla anipigia nampikia biriani, pilau, sambusa, na alfajiri natengeza mahamri na mbaazi za kupeleka madukani. Namba yangu iko kila mahali, nimeibandika kwenye ndoo za kupakia chakula, iko WhatsApp, wanayo wenye mchele na viazi kule Kongowea. Kwa hivyo simu ya namba nisiyoijua kwangu mimi si kitu cha kupuuza, mara nyingi huyo ndo mteja mwenyewe na pesa zake.

Sasa Ami hizi simu za kuuziwa vitu zimenishinda. Mafuta yako motoni, mahamri yashaingia, simu yalia, nafuta mikono mbio mbio nikidhani ni oda, kumbe ni msichana mwenye sauti tamu anitaja majina yangu yote mpaka la babu halafu aanza kunisomea bima ya mazishi bila kupumua. Bima ya mazishi saa moja asubuhi! Adhuhuri yuaja wa ploti, ati Kilifi, dakika kumi mpaka baharini, bei ya ofa mwisho Ijumaa, na kila Ijumaa ikifika ofa yaongezwa tena. Alasiri wa benki, hongera madam umekubaliwa mkopo, na mimi kwenye hiyo benki akaunti sina wala sijawahi kuingia hata kwa kukimbia mvua.

Nabloki, wapiga na namba nyengine. Nikisema sitaki aniuliza kwani wewe hutaki maendeleo. Mume wangu siku moja alinipokelea akampa mmoja tusi la bandarini kabisa, lile zito, na jioni yake wakapiga tena kama kwamba hawakusikia kitu. Yeye asema nibadilishe laini nimalize maneno, lakini wateja wangu wote wako hapa.

Halafu juzi imeingia ya aina nyengine. Kijana kwa ukali aniuliza, wamjua fulani? Huyo ni jirani yangu mlango wa tatu. Nikasema namjua. Akaniambia nimwambie alipe deni lake la apu leo leo, ama na mimi jina langu litaharibika. Ami mimi sijamdhamini mtu, sijaweka sahihi popote, na tangu siku hiyo nikikutana na huyo dada kwenye ngazi sijui nimtazame vipi.

Na kuna mamangu, yuko Mji wa Kale, ana kisimu chake cha kabambe, kile kidogo cha vitufe. Yeye yeyote atakayempigia atamjibu ndiyo mwanangu, sawa mwanangu, Mungu akubariki mwanangu. Akiweka krediti ya shilingi hamsini haifiki magharibi na hajampigia mtu yeyote. Wiki jana kuna aliyempigia akasema yeye ni wa kampuni ya simu, ataka namba ya kitambulisho ama laini ifungwe, bahati nzuri kitambulisho hakukiona pale karibu akamwambia apige kesho.

Binamu yangu aliyeko Minnesota asema huko kwao kuna daftari la serikali, ukijiandikisha wauzaji hawaruhusiwi kukupigia. Kwetu lipo? Na hawa watu namba yangu waliitoa wapi, na majina yangu yote wameyajuaje?

Mpishi, Kisauni

*

Wa aleikum salaam mwanangu. Pole sana. Naanza na shauri la mumeo kwa sababu hilo ndilo laweza kukutia hasara: laini usibadilishe. Wateja wako hapo, M-Pesa iko hapo, na isitoshe kampuni za simu haziachi namba zikae bure, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa ikauziwa mtu mwengine. Hiyo utakayoiita mpya yaweza kuwa ilikuwa ya bwana mmoja wa Voi mwenye madeni kila pembe, na wewe ndo utakuwa wapokea salamu zake.

Namba waliitoa wapi? Muuza bima hazunguki Kisauni akisoma ndoo za biriani. Listi za namba huuzwa. Kuna watu kazi yao ni kukusanya namba na kuziuza kwa mafungu, na namba zenyewe twazitoa sisi kila siku bila kufikiri. Waenda ofisi mjini, askari getini akusukumia kitabu, andika jina, kitambulisho, simu, na hicho kitabu kikijaa hakuna ajuaye chaenda wapi. Waenda mall kule Nyali kuna sanduku la kushindania friji. Waenda Shoo ya kilimo pale Mkomani, kila banda wapewa kalamu na kofia watoa namba. Kadi ya pointi ya supamaketi, Wi-Fi ya bure, fomu za chama, group za WhatsApp za arusi zenye watu mia mbili ambao nusu yao hamjuani. Mimi binafsi kinachoniudhi zaidi ni hicho kitabu cha getini, maanake hayo mengine angalau wataka friji, pale getini huna hiari, usipoandika huingii.

Na majina yako hayana uchawi. Mtu akiwa na namba yako aingia M-Pesa kama ataka kukutumia shilingi kumi, na kabla pesa haijatoka M-Pesa humuonyesha jina la anayetumiwa ili ahakikishe. Asoma jina, akatiza, shilingi kumi yake iko pale pale na jina lako amelipata. Kwa hivyo mtu akikutaja majina usitetemeke ukadhani ana kitambulisho chako, na pia usidhani ndiyo dalili kwamba kweli ni wa benki. Majina yako ni rahisi kuyapata kuliko hata bei ya nyanya.

Binamu yako hakukudanganya. Marekani daftari hilo lipo tangu 2003, lasimamiwa na tume yao ya biashara iitwayo FTC, mtu ajiandikisha bure na muuzaji anatakiwa alitazame kabla hajapiga. Lakini mwambie akueleze na upande wa pili, kwamba wanasiasa, watu wa misaada na watu wa kuuliza maoni wao hawazuiwi na daftari hilo, na tapeli halisomi kabisa. Huko bado simu zalia.

Kwetu hatuna daftari kama hilo la kuandika jina. Lakini sheria yetu imekaa vizuri zaidi kwa mtu kama wewe, na watu wengi hawajui. Huko Marekani wewe ndo waenda kujitoa. Hapa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, anayetaka kutumia data zako kufanyia biashara anatakiwa awe amekuomba ruhusa na ukampa wazi wazi, ama awe na sheria nyengine inayomruhusu na wewe ukajulishwa. Na hata kama ulikubali zamani waweza kusema basi, na ukisema basi ni basi. Kwa hivyo mwanangu si kazi yako kueleza kwa nini hutaki bima, wala kwa nini hutaki maendeleo. Yeye ndo aeleze ni nani alimpa ruhusa.

Basi simu yake ikija usimtusi, usibishane, na usimkatie haraka. Najua mafuta yako motoni, lakini mara moja tu hii zima jiko. Muulize, wewe ni nani, kampuni yenu yaitwaje hasa, na namba yangu mmeitoa wapi? Utasikia kimya, ama atasema mfumo ndo umepiga wenyewe, ama bosi alimpa listi. Sawa, muache aseme. Wewe unachokitaka pale ni jina la kampuni, maanake huyo msichana ni mtu wa kamisheni, akiuza apata kidogo asipouza alala njaa, ukimtukana yeye kampuni haikusikia. Ndo maana lile tusi la mumeo lilipotea bure, na nasikitika maana lilikuwa tusi zuri.

Ukishapata jina, waandikie kampuni wenyewe, si yule aliyepiga. Tafuta barua pepe yao ama kastama kea yao kwenye tovuti yao, na uandike kwa maneno machache. Kitu kama hivi: mimi ndiye mwenye namba hii, mmenipigia tarehe fulani saa fulani kuniuzia bima, sikuwahi kuwapa ruhusa ya kutumia namba yangu, niambieni mliipata wapi, ifuteni, na msinipigie tena. Basi. Piga skrinishoti ya ulichoandika, piga skrinishoti ya ile listi ya simu zilizoingia, weka. Kubloki ni kufunga mlango mmoja katika nyumba yenye milango mia, ndo maana wazidi kuingia, lakini hii barua yaenda kwa mwenye funguo. Kampuni kubwa zinazojulikana nyingi huacha hapo hapo kwa sababu mwanasheria wao ajua kinachofuata.

Kinachofuata ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi kuu iko Nairobi lakini huhitaji kupanda basi wala treni, malalamiko yapelekwa kwenye tovuti yao, bure, na zile skrinishoti zako ndo zafanya kazi hapo. Sheria yawataka wachunguze na kumaliza ndani ya siku 90. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, wachukua iliyo ndogo. Na si mbwa wa kubweka tu, maana kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020, na kufikia Septemba 2023 ofisi yake ilishatoza faini klabu moja ya Nairobi, shule moja na kampuni moja ya mikopo. Ile ya mikopo, Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, walitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu walizozipata kwa wengine na kuwasumbua kwa simu na meseji za vitisho. Sheria pia yampa mtu aliyeumizwa nafasi ya kudai fidia, lakini usianze kuihesabia mchele, ni njia ndefu na si kila simu moja yafika huko. Mimi ningeipeleka kampuni ambayo nimeiandikia na bado yapiga.

Na hapo hapo naingia kwa jirani yako, maanake kesi ya Mulla Pride ni ya ukoo mmoja na yako. Hizi apu zikiwekwa kwenye simu zaomba kuona majina yote uliyoyahifadhi, mtu ana haja ya elfu mbili ya dawa akubali bila kusoma, na wewe ukawa ndani ya kapu hivyo hivyo. Lakini kanuni za Benki Kuu za 2022 za wakopeshaji wa simu zawakataza kuchukua majina kwenye simu ya mkopaji wakaanza kuwatumia watu meseji kwa sababu mkopo umechelewa, zakataza vitisho na matusi, na zawakataza kuwasumbua watu ambao hawakudhamini. Kwa hivyo yule kijana akipiga tena mwambie, sikudhamini, niambie jina la kampuni yenu na kama mna leseni ya Benki Kuu. Benki Kuu hutoa listi ya wenye leseni, yapatikana kwenye tovuti yao. Kampuni ikiwa na leseni, walalamikie Benki Kuu na Kamishna wote wawili. Ikiwa haina ndo mbaya zaidi kwao, maana hata kukopesha kwenyewe hawaruhusiwi. Na jina lako haliharibiki kwa deni la mtu mwengine, hilo ni la kukutisha tu.

Huyo dada mtazame kama ulivyokuwa ukimtazama. Hakuwapa namba yako kwa ubaya, na naamini yeye apigiwa mara kumi zaidi yako. Ukipata faragha mueleze hizi kanuni, huenda hazijui.

Sasa upande wa kazi yako. Kuna watu watakuambia weka simu inyamazishe kila namba isiyojulikana. Kwa karani wa benki yafaa, kwako wewe ni kufunga duka. Bora ufanye hivi, kwenye stika za ndoo na kwenye status andika oda kwa WhatsApp kwanza, mtu akuachie chakula gani, watu wangapi, siku gani. Mteja wa kweli hakosi dakika ya kuandika biriani ya watu hamsini Jumamosi, na wewe wapata oda kwa maandishi hata ukaja kubishana na mtu kuhusu idadi ya kuku una ushahidi. Muuza ploti yeye akipenda na aandike, utamsoma ukimaliza kazi. Apu ya Truecaller yasaidia kujua ni nani apiga kabla hujapokea, watu wengi hapa Mombasa wanayo, ila kabla hujakubali soma inaomba ruhusa gani, isije ikawa twawasema wenye apu za mikopo kwa kusoma majina ya watu halafu na sisi twawapa wengine. Na nunua laini ya pili ya bei rahisi, hiyo ndo iwe ya mageti, ya friji na ya kofia za Shoo. Zima, washa ukiihitaji. Kama ni meseji za matangazo zakusumbua na laini yako ni ya Safaricom, piga *456*9*5# ufuate maelezo uzizuie.

Kuhusu ploti, najua hukuuliza, lakini mume wako asije akasikia ofa ya Ijumaa akaingia tamaa. Ardhi hainunuliwi kwa simu, kwanza fanyeni utafiti wa hati kwenye ofisi ya ardhi, na muende muitie miguu. Dakika kumi mpaka baharini, kwa ndege?

Mamako ndiye aliyenishughulisha moyo zaidi, kwa sababu wale waliompigia yeye si wauzaji, ni wezi, na mwizi humwandikii barua ya kifungu cha 37. Kwanza krediti. Hiyo ya kuliwa bila kupiga mara nyingi ni huduma za meseji amejiunga bila kujua, mzaha wa siku, nyota, michezo, kila meseji yakata shilingi kadhaa. Hapo ampigie kastama kea wa kampuni yake awaambie waondoe huduma zote alizojiunga nazo. Kaa naye siku moja baada ya alasiri mfanye pamoja, usimchukulie simu ukamrudishia, atahisi amenyang'anywa.

Kisha mfundishe kwamba Safaricom humpigia mteja kwa namba moja tu, 0722 000 000, na hata hiyo haimuulizi PIN. Yeyote mwengine ajiitaye wa kampuni ni muongo. Kuacha kusema ndiyo mwanangu hawezi, ndivyo alivyolelewa na sisi ndo twafaidika na ukarimu huo, basi mpe neno la kuongeza mbele yake: ndiyo mwanangu, lakini mambo ya simu ni ya binti yangu, akija nitamwambia. Amalize, akate. Hata akirudia mara ishirini atakuwa hajatoa kitu, na tapeli hana subira ya kungojea binti. Meseji ya utapeli ikiingia ipelekwe 333, haimkati kitu.

Na kabla hujatoka kwake, kwa sababu huyo aliyetaka kitambulisho yaweza kuwa alitaka kumtengezea laini nyengine kwa jina lake, fanya mambo mawili. Kama laini yake ni ya Safaricom, piga *100*100# isiweze kubadilishwa na wakala wa barabarani, mpaka aende mwenyewe kwenye duka la Safaricom. Halafu piga *106# muone namba zote za kampuni hiyo zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkiona namba asiyoijua, mchukue na kitambulisho chake mpaka duka la kampuni yenyewe, waiondoe mkiwa mmesimama hapo hapo.